Uzi: Riwaya ya barua ilivyogeuzwa filamu ya dakika 103. Tuichambue The Perks of Being a Wallflower kiufundi

Kalamu_Tupu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu kila baada ya muda linaibuka swali la namna ya kuitoa riwaya ya vijana kitabuni na kuipeleka kwenye filamu, na jibu linalotolewa mara nyingi ni "fupisha". Kufupisha ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kumnyamazisha msimulizi bila kumuua mhusika. Riwaya nyingi za vijana ziko katika nafsi ya kwanza: kijana anasema "mimi" tangu ukurasa wa kwanza, na msomaji anampenda kwa sababu ya sauti ile. Kamera haina "mimi". Inamwona kwa nje tu, kama abiria mwenzake wa daladala anavyomwona.

Nimechagua The Perks of Being a Wallflower ya mwaka 2012 kwa sababu moja kubwa. Stephen Chbosky ndiye aliyeandika riwaya, ndiye aliyeandika skripti, na ndiye aliyeongoza. Kila kilichobadilika kimebadilishwa na mwenye kitabu mwenyewe, kwa hiyo hatuna nafasi ya kumsingizia prodyuza kwamba hakuelewa.

Kwa ambao hawajaisoma: riwaya ilitoka Februari 1999, kurasa zaidi kidogo ya 200. Ni barua tupu. Charlie, miaka 15, anaanza sekondari katika kitongoji cha Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, na anamwandikia mtu asiyetajwa jina kuanzia Agosti 1991 hadi Agosti 1992. Anapata marafiki wawili wa mwaka wa mwisho, Sam na Patrick, ambao ni ndugu wa kambo. Filamu ilipigwa Pittsburgh Mei na Juni 2011, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, Septemba 2012. Bajeti ilikuwa dola milioni 13 hivi, na iliingiza takribani dola milioni 33 kwenye kumbi za sinema. Tahadhari: tutaueleza mwisho wote, maana bila mwisho hakuna cha kuchambua.

Naanza na mfano mmoja, wengine mtaongezea.

Riwaya inafunguka na kifo. Barua ya kwanza kabisa inaeleza kwamba Michael, rafiki wa Charlie, alijiua. Ukurasani inafanya kazi vizuri, kwa sababu sisi wasomaji ndio tunaoambiwa. Sasa jaribu kuifungua filamu hivyo hivyo. Utahitaji ama sauti ya msimulizi juu ya picha ya kijana amekaa kitandani, ama mazishi ya mtu ambaye mtazamaji hajawahi kumwona. Yote mawili hayamgusi mtu.

Chbosky alikihamisha kifo cha Michael. Kwenye filamu kinatajwa usiku wa sherehe, jikoni, Sam anapomtengenezea Charlie maziwa ya kusukwasukwa (milkshake). Charlie anakisema kama jambo la kawaida, kwa sentensi chache, huku anakunywa. Hakuna muziki wa kilio, hakuna mbinu rejeshi (picha za mambo yaliyopita). Kamera inamtazama Sam anayesikia. Baada ya hapo Sam anamwendea Patrick, na pale ndipo wawili hao wanapoamua kumchukua kijana huyu awe wao.

Angalieni faida tatu za uhamisho huo. Habari imepata msikilizaji mwenye uso, kwa hiyo huzuni inaonekana bila kuelezwa. Habari imezaa tendo, yaani urafiki. Na mtazamaji ameshamzoea Charlie kwa dakika kadhaa kabla ya kupigwa na habari yenyewe. Kanuni yangu naitoa hapo: kila siri ambayo msimulizi anamwambia msomaji, mtafutie mhusika wa kuambiwa, na mhusika huyo lazima afanye kitu baada ya kuambiwa. Asipofanya kitu, umempa siri mtu asiyefaa.

binti_wa_Bagamoyo

Uzi mzuri sana kaka. Naomba mtuelekeze hatua zenyewe. Mtu ana riwaya mkononi, ana daftari na kalamu. Anaanza wapi? Na tunajuaje kwamba kitabu ni kirefu mno?

Kalamu_Tupu

Dada, hesabu kwanza. Skripti iliyoandikwa kwa mpangilio wa kawaida (herufi za Courier, ukubwa wa 12) inakadiriwa ukurasa mmoja kwa dakika moja. Filamu ya dakika 100 ina kurasa 100 hivi, na ukurasa wa skripti una nafasi tupu nyingi, maneno yake ni machache kuliko ya ukurasa wa kitabu. Kwa hiyo hata riwaya fupi ya kurasa 200 lazima ipoteze zaidi ya nusu ya maneno yake. Kwa Kiswahili usiiamini kanuni hiyo moja kwa moja. Soma mazungumzo kwa sauti ukiwa na saa ya kupimia, kwa sababu wahusika wetu husalimiana, na salamu kamili ya kijana kwa mzee inakula sekunde 10 kabla habari haijaanza.

Hatua ni hizi.

Soma riwaya mara ya kwanza bila kalamu. Ukimaliza, funga kitabu na uandike kwa kumbukumbu matukio yote unayoyakumbuka. Orodha hiyo ni dhahabu, kwa sababu ndiyo mifupa ambayo mtazamaji naye ataidai.

Mara ya pili, kila tukio liwekee kadi yake. Andika mahali, saa, waliopo, na kilichobadilika. Kama hakuna kilichobadilika kati ya mwanzo na mwisho wa tukio, kadi hiyo iweke pembeni. Riwaya ya ukubwa huu itakupa kadi 120 hadi 150. Filamu itabeba sini (maonyesho, kila moja mahali pamoja na wakati mmoja) 50 hadi 90, kutegemea urefu wa kila moja.

Mara ya tatu, piga alama kwenye kila kadi: linaonekana, linasikika, au liko kichwani mwa msimulizi tu. Kundi la tatu ndilo litakalokuumiza kichwa. Kila kadi ya kundi hilo ina njia nne: itafutie msikilizaji kama nilivyoeleza, igeuze kitu cha kushikika, ifanye sauti ya msimulizi, au iache iende zake.

Kosa linalowaangusha wengi ni kuanza kuandika sini kabla kadi hazijapungua. Unajikuta ukurasa wa 60 na hadithi bado iko theluthi ya kwanza, halafu mwisho unaubana kwenye kurasa 15.

Mkasi

Naongezea upande wa uhariri, hasa hapo kwenye "igeuze kitu cha kushikika", maana filamu hii ina somo kubwa hapo.

Siri kuu ya riwaya ni kwamba Charlie alidhulumiwa kingono utotoni na shangazi yake Helen, mtu aliyempenda kuliko wote, na kwamba ameisahau dhuluma hiyo. Kitabuni tunaambiwa mwishoni kabisa, Charlie akiwa ameshapita hospitali. Msomaji anaweza kurudi nyuma kurasa 100 akatafuta dalili. Aliye ukumbini hana kitufe cha kurudi nyuma. Dalili lazima apewe mapema, kwa njia ambayo haitambui wakati ule lakini ataikumbuka baadaye.

Filamu inatumia vipande vifupi vya mbinu rejeshi. Helen anaonekana kama mtu mwema: anapokelewa nyumbani, anampenda mtoto, na anakufa kwa ajali ya gari usiku wa mkesha wa Krismasi, siku ya kuzaliwa kwa Charlie, akiwa ametoka kumnunulia zawadi. Mtazamaji anadhani tatizo ni huzuni na hatia ya kifo. Hiyo ni maelezo ya uongo yanayotosheleza, na bila maelezo kama hayo mtazamaji mwenye akili angeikisia siri mapema.

Kisha linakuja tendo moja dogo. Sam na Charlie wako peke yao, usiku kabla Sam hajaondoka kwenda chuo. Mkono wa Sam unagusa paja la Charlie. Picha inakatwa kwenda kwenye mkono mwingine, wa Helen, wa zamani. Mguso ule ule, sehemu ile ile. Hakuna anayesema neno. Charlie anashtuka na hajui kwa nini. Baada ya Sam kuondoka, vipande vya Helen vinaanza kuja kwa kasi, vinazidi kuwa vifupi, vinagongana na vya sasa, mpaka Charlie anaanguka.

Kiufundi, mkato wa namna hiyo haufanikiwi kwenye meza ya uhariri kama haukupangwa kwenye seti. Shoti mbili (vipande viwili vya picha visivyokatwa) zinahitaji kufanana katika mambo manne: upande ambao mkono unaingilia kwenye fremu (mipaka ya picha), ukubwa wa mkono ndani ya fremu, mwendo wake, na pembe ya kamera. Mkono wa kwanza ukiingia kutoka kushoto na wa pili kutoka kulia, jicho linaona vitu viwili tofauti na kumbukumbu haizaliwi. Piga ule wa sasa kwanza, hifadhi picha yake kwenye simu au monita, kisha siku ya kupiga ule wa zamani weka picha hiyo mbele ya mpigapicha. Badilisha mwanga na rangi tu. Na urefu: picha 12 hadi 20 za mkanda, yaani chini ya sekunde moja, zinatosha kabisa mara ya kwanza. Ukiweka sekunde 3 umeshalitoa jibu.

Jingine ni giza. Kuna pigano kantini, Patrick anashambuliwa, Charlie anaingilia. Riwayani Charlie anatusimulia pigano lenyewe. Filamuni picha inazimika, ikirudi watu wako chini na Charlie anatazama ngumi zake. Mtazamaji anajifunza hapo kwamba kijana huyu hupotewa na vipande vya muda. Bila giza la kantini, giza la mwisho lingeonekana limepachikwa.

Mwalimu_wa_Fasihi

Ndugu zangu, uchambuzi mzuri, lakini mimi nina neno. Tunaongea kana kwamba kila alichokata mwandishi ni halali kwa kuwa ni chake. Naona amekata kitu kilichomfanya Charlie awe mtu mzima.

Riwayani dada yake Charlie anapata ujauzito kwa mpenzi wake, mvulana aliyewahi kumpiga kofi dada huyo. Charlie ndiye anayemsindikiza kliniki, anamsubiri, anamrudisha nyumbani, na analitunza jambo hilo moyoni. Filamuni kofi limebaki, ujauzito umeondoka. Kwa mwanafunzi wa fasihi hili ni pengo kubwa. Katika hadithi ya makuzi, mhusika anapimwa kwa mara ya kwanza ambayo wengine wanamtegemea yeye. Sehemu ile ndiyo ilikuwa mizani. Filamuni Charlie anapokea tu: anapokea vitabu kutoka kwa mwalimu, mapenzi kutoka kwa Sam, ulinzi kutoka kwa Patrick. Pigano la kantini ndilo pekee analotoa, na hilo analifanya hajitambui.

Mkasi

Mwalimu, hoja yako ina uzito na siikatai kimaudhui. Naipinga kwa gharama yake. Tuhesabu. Dada anamwambia (sini 1). Safari (1). Kusubiri (1). Kurudi na uongo kwa wazazi (1). Mvulana na mwisho wa uhusiano (1 au 2). Kwa kasi ya kawaida ni kurasa 8 hadi 10, karibu asilimia 10 ya filamu nzima, tena inaangukia katikati, mahali ambapo uhusiano wa Charlie, Sam na Mary Elizabeth (msichana anayekuwa mpenzi wa Charlie) unahitaji nafasi ili uvunjike. Ukiipunguza iwe sini 2 unapata ujauzito wa dakika 3 uliotokea na kwisha, na hilo ni kosa kubwa kuliko kuuacha. Jambo zito likipewa dakika chache, mtazamaji anahisi limetumiwa.

Halafu kuna mchujo wa umri wa watazamaji. Bodi ya Marekani inayopanga madaraja hayo iliipa filamu hii daraja la R kwanza, linalomtaka aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Watayarishaji walikata rufaa wakapata PG-13, daraja jepesi zaidi ambalo vijana wanaweza kuingia bila mzazi. Fikiria filamu ya vijana ambayo wasomaji wa kitabu chenyewe hawawezi kwenda kuitazama na wenzao.

Mwalimu_wa_Fasihi

Hesabu nimeielewa. Bado nasema angeweza kuweka kitu kingine kifupi kinachompa Charlie jukumu akiwa na akili timamu. Mizani ikitolewa, iwekwe nyingine mahali pake.

Kalamu_Tupu

Hapo mwalimu umesema neno ambalo linafaa kuandikwa juu ya kadi: ukitoa tukio, andika nyuma ya kadi hiyo kazi iliyokuwa inafanya, kisha uonyeshe ni sini ipi sasa inaifanya kazi hiyo. Kama hakuna, kata kwa kujua.

SautiMbili

Wakuu, hamjaigusa tuneli na mimi ndiyo nimeisubiri tangu post ya kwanza.

Ile sini maarufu ya Sam amesimama juu ya pikapu inayokimbia ilipigwa kwenye tuneli ya Fort Pitt, imepita chini ya mlima Mount Washington. Ukitoka ndani yake kwa upande wa mjini unaangukia moja kwa moja kwenye daraja juu ya mto Monongahela, na mji mzima wa Pittsburgh unajitokeza mbele yako kwa ghafla. Mji wenyewe umemfanyia mwandishi nusu ya kazi: giza, kisha mwanga wote kwa mpigo.

Urefu wa tuneli ni kama kilomita 1.1. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, linakaa ndani sekunde 66. Hizo ndizo sekunde za kila teki (kila jaribio la kupiga picha). Ukikosea, gari la kamera na gari la waigizaji yatoke, yazunguke, yarudi mwanzo. Barabara imefungwa kwa kibali na saa inahesabu. Usitegemee teki zaidi ya chache kwa usiku mmoja. Anayesimama nyuma ya gari linalotembea afungwe kamba ya usalama iliyoshikwa kwenye bodi ya gari, ifichwe chini ya nguo, na afungwe hata kama ni kilomita 20 kwa saa.

Sauti ya ndani ya tuneli haifai kwa mazungumzo. Upepo, mwangwi na injini vinaziba maikrofoni zote. Chukua sauti ya tuneli yenyewe peke yake dakika 2, kisha mazungumzo yarekodiwe studio. Kama skripti yako ina mistari 10 ya maneno ndani ya tuneli, ifute 8.

Sasa wimbo. Riwayani wanaposikia wimbo redioni ni Landslide wa Fleetwood Mac. Filamuni ni Heroes wa David Bowie wa 1977. Landslide ni gitaa na sauti ya upole, unaufaa ukurasa kwa sababu msomaji anausikia kichwani kwa kiwango anachotaka. Ndani ya tuneli, juu ya injini, ungezama. Heroes unapanda taratibu na una nguvu ya kushindana na upepo. Pia filamuni vijana hawaujui jina, wanautafuta hadithi nzima, na unapatikana mwishoni, wakipita tena tunelini. Wapo wanaolalamika kwamba vijana wapenda muziki wa 1991 wasingekosa kumjua Bowie, na lalamiko lina haki. Lakini utafutaji huo ndio mshono unaoifunga tuneli ya kwanza na ya mwisho.

Kuhusu haki, wengi wanalipa moja na kudhani wamemaliza. Wimbo una haki mbili: ya utunzi, iliyoko kwa mtunzi au mchapishaji wake, na ya rekodi, iliyoko kwa lebo (kampuni ya muziki) au aliyegharimia studio. Lazima upate zote mbili kwa maandishi, zikitaja nchi, muda, na njia za kuonyeshea (ukumbi, televisheni, mtandao). Kama mhusika anausikia au anaucheza wimbo kwenye sini, haki ziwe mkononi kabla ya kushuti. Mtego mwingine ni wa wahariri: wanaweka wimbo wa kushikizia kwenye rasimu, timu nzima inauzoea kwa miezi 3, bei inakuja, hailipiki, na kila mbadala unaonekana mbaya. Shikizia kwa kitu unachoweza kukilipia.

Hesabu_ya_Siku

Naingia na upande wa ratiba, kwa sababu filamu za shule zinakufa hapa.

Gawa kila ukurasa wa skripti katika thumni 8 (sehemu nane sawa). Sini ya robo tatu ya ukurasa ni thumni 6. Filamu ndogo inamaliza kurasa 3 hadi 5 kwa siku. Kurasa 103 kwa wastani wa 4 ni siku 26 bila mvua, bila ugonjwa, bila umeme kukatika. Ongeza siku 3 za akiba.

Panga kwa mahali, usipange kwa mfuatano wa hadithi. Sini zote za kantini siku moja au mbili, hata kama moja ni ya siku ya kwanza ya shule na nyingine ni pigano. Hapo mtu wa mwendelezo, anayehakikisha sini zinaungana bila tofauti, ndiye mfalme: nywele, jeraha, nguo ya msimu, yote kwenye daftari na picha. Shule ipate kwa maandishi wakati wa likizo, na uhesabu siku 1 ya kuandaa na 1 ya kurudisha vitu mahali pake. Wanafunzi wa kujaza kantini ni 80 kwa uchache ikiwa shoti ni pana. Ukiwa na 30, bana fremu na uwazungushe.

Hadithi ya 1991 inaongeza gharama ambayo haiandikwi kwenye skripti: simu za mezani, kaseti, magari, mabango, taa za LED za dari ambazo hazikuwepo. Kama mwaka wa hadithi hauna kazi, ilete sasa. Katika hadithi hii mwaka una kazi. Kaseti ya nyimbo zilizochaguliwa kwa mkono ndiyo barua ya mapenzi, na wimbo unaweza kukosa jina kwa sababu hakuna simu ya kuutambua. Ukiihamishia 2024, tuneli inakufa ndani ya sekunde 5.

Waigizaji: wakati wa kushuti Logan Lerman (Charlie) alikuwa na miaka 19, Emma Watson (Sam) 21, Ezra Miller (Patrick) 18. Wote walikuwa watu wazima kisheria, na hilo lina faida. Mwenye umri chini ya 18 ana saa chache, anahitaji mlezi kwenye seti, na masomo yake yasikatike. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inazuia mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na hadithi za vijana zina sherehe za usiku tele. Hasara ya kutumia wakubwa ni uso: wa miaka 19 anacheza 15. Dawa ni uwiano. Wanaocheza wakubwa wake wawe wamemzidi kweli, kwa kimo au kwa sauti, na nguo zake zimpwaye kidogo. Jicho hulinganisha, halisomi cheti cha kuzaliwa.

binti_wa_Bagamoyo

Asanteni sana. Na sauti ya msimulizi je? Wengine wanasema ni uvivu, lakini kitabu kizima ni barua.

Kalamu_Tupu

Kwenye hadithi hii barua ni tendo: kijana mpweke anamwandikia mtu asiyemjua. Kuiondoa kabisa kungeifuta hadithi. Chbosky aliibakiza kwa kiasi, na akatupa sababu ya kuiona: tunamwona akiandika, na Sam anampa taipureta ya zamani kama zawadi ya Krismasi. Kwa hiyo sauti ina mkono unaoiandika.

Kipimo changu ni hiki. Sauti ya msimulizi iseme kile ambacho picha inakipinga au haikijui. Picha inaonyesha kijana anacheka mezani, sauti inasema anaogopa kulala: hapo imefanya kazi. Picha inaonyesha mvua, sauti inasema mvua inanyesha: futa. Na isizidi sentensi 2 au 3 kwa mpigo, kwa sababu mtazamaji akisikiliza muda mrefu anaacha kutazama.

Kwa riwaya yenye wasimulizi wengi, mtazame Chbosky huyo huyo kwenye Wonder ya 2017, kutoka riwaya ya R. J. Palacio. Filamu inaandika jina la mhusika kwenye skrini na kumfuata yeye kwa muda, hata dada na marafiki wa mhusika mkuu. Ni njia rahisi na haina gharama. Hatari yake ni kwamba kila jina jipya linasimamisha mwendo, kwa hiyo kila sehemu ianze na jambo ambalo tulikwisha kuliona kwa macho ya mwingine.

Mdau_Pwani254

Hamjambo wadau. Niko upande wa Kenya, nataka kuongeza juu ya ruhusa kwa sababu vijana wengi hapa huanza na kamera kabla ya karatasi.

Hakimiliki Kenya na Tanzania Bara hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Riwaya karibu zote za Kiswahili zinazosomwa shuleni bado ziko ndani ya muda huo. Kusema "nimebadilisha majina" hakukuokoi. Kwanza ulizia haki ya filamu iko kwa nani: mkataba wa uchapishaji waweza kuwa umeipeleka kwa mchapishaji, au imebaki kwa mwandishi, au kwa warithi wake. Warithi wakiwa 4, unahitaji sahihi 4. Mmoja akikataa baada ya filamu kwisha, hakuna kituo kitakachoinunua.

Kama huna hela ya kununua, omba mkataba wa kushikilia haki kwa muda. Marekani kawaida ni miezi 12 hadi 18 kwa malipo madogo, mara nyingi karibu asilimia 10 ya bei kamili, na nafasi ya kuongeza muda. Muundo huo hata hapa unafanya kazi. Andika bei kamili ndani ya mkataba huo huo, usiache "tutaelewana".

Halafu bodi za filamu. Kenya madaraja ya umri ni GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa wazazi), 16 na 18. Tanzania unapitia Bodi ya Filamu. Hadithi inayogusa dhuluma kwa mtoto, dawa za kulevya au kujiua ipeleke ikiwa bado skripti, upate ushauri kabla ya kutumia hela. Na kwa sini kama ya Helen, mtoto anayeigiza asiwekwe kamwe kwenye tendo lenyewe. Njia ya Mkasi inatosha: mkono unapigwa peke yake, na mguu ni wa mtu mzima aliyevishwa suruali ile ile.

Mwalimu_wa_Fasihi

Kwa wanaotaka mfano wa Kiswahili, Amil Shivji alitengeneza Vuta N'kuvute mwaka 2021 kutoka riwaya ya Adam Shafi, nayo ilionyeshwa Toronto. Wengi mmeisoma shuleni. Yasmin ni binti mdogo aliyeozwa kwa mtu mzima, anatoka kwenye ndoa hiyo, anakutana na Denge na harakati za kudai uhuru. Msimulizi wake ni wa nafsi ya tatu, kwa hiyo tatizo la "mimi" halipo, na badala yake lipo la wingi wa watu na siasa. Fanyeni zoezi la kadi kwa riwaya hiyo kwanza, kisha itazameni filamu.

binti_wa_Bagamoyo

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nikishamaliza rasimu nitajuaje kwamba dalili nilizopanda zinatosha na hazijazidi?

Mkasi

Watafute watu 5 ambao hawajasoma kitabu. Wasomewe skripti kwa sauti, waigizaji mezani, mtu mmoja asome maelezo, sauti ya msimulizi irukwe yote. Simamisha mara mbili: ukurasa wa 30 na ukurasa wa 75. Waandike kwenye karatasi, bila kujadiliana, wanadhani mhusika mkuu anaficha nini.

Ukurasa wa 30, kama 3 au zaidi wameshaijua siri, umezidisha. Punguza vipande vya zamani, au imarisha maelezo ya uongo. Ukurasa wa 75, kama hakuna hata mmoja anayehisi kitu, mwisho wako utaonekana umeangushwa kutoka juu, rudi uongeze dalili 1 ya mwili: mguso, mahali anapokwepa kukaa, chakula asichokigusa. Usiongeze mazungumzo. Baada ya hapo rudisha sauti ya msimulizi mstari kwa mstari, na kwa kila mstari waulizwe watu wale wale kama waliukosa. Mstari ambao hawakuukosa hauingii.